Ukurasa wa Mama Uliogoma Kufunguka

"HTML ni lugha ya wavivu, mbunifu wa tovuti anayejiheshimu huandika XHTML." Hayo yaliandikwa juma jana katika gazeti hili na mwalimu mmoja wa kompyuta. Amekosea. Asome kwanza barua hii niliyoletewa.

Mama Peres,

Nisaidie, nimemnyamazisha baba yangu na sikukusudia, mimi ni mbunifu wa tovuti katika ofisi moja mjini na baba ni karani mstaafu, anaishi Woodley, mama alipofariki alijifunza HTML peke yake kwa kitabu cha kuazima akamtengenezea mama ukurasa, na kila mwaka siku ya ukumbusho anaongeza aya moja, jambo moja tu analokumbuka, na jamaa zetu hadi Minnesota wanafungua kusoma. Alama zake zote za kuielekeza kompyuta ni za herufi kubwa kama barua za serikali, anafungua aya kwa alama na haifungi kwa nyingine, lakini ukurasa ulikuwa ukifunguka vizuri. Mwaka huu nikatoka kozi ya XHTML na kichwa kikubwa, nikamwambia mbele ya wageni, "Baba, hii kitu yako ni takataka," akacheka, "Takataka inasomwa Minnesota, Munyi." Nikaugeuza wote kuwa XHTML, nikaagiza usomwe kwa sheria kali kabisa, na sikumwambia. Siku ya ukumbusho akaongeza aya yake kama kawaida, tukakusanyika sebuleni, na pahali pa picha ya mama pakatokea ujumbe wa kosa, mstari wa arobaini na moja, hakuna kingine, na mama mdogo Kavinya akapiga simu kutoka Machakos, "Munyiva, umemfungia mama yako mlango hata huku?" Baba akaniuliza polepole, "Nimeharibu nini?" Sikumjibu. Ameifunika kompyuta kwa kitambaa alichofuma mama, na tangu Machi hajaifunua. Faili yake ya zamani ninayo. Nimfundishe XHTML, ama nimwache apumzike?

Munyiva, Kileleshwa

Munyiva, pole. Unampenda baba yako, ndiyo maana nitasema nawe bila kuzungushana.

Hakuharibu kitu. Ulimbadilishia sheria kimyakimya, kisha ukamwacha ajilaumu. Kosa lako ni hicho kimya, si XHTML.

Sasa sikiliza, maana kozi yako ilikupa majivuno ikasahau mengine. HTML ni ya kuonyesha ukurasa, na brauza, programu ya kufungulia kurasa, huisamehe: ikikuta aya haijafungwa, hukisia na kuendelea. XML ni ya kubeba habari. Alama unajitungia mwenyewe, ila kosa moja tu na mashine inasimama. XHTML ni maneno ya HTML yaliyowekwa chini ya sheria ya XML. Inafaa pale programu inapoandika kurasa, kama huko ofisini kwako. Tena wengi wanaojigamba nayo, seva zao hutuma kurasa hizo kama HTML ya kawaida, wanasamehewa kila siku na hawajui! Wewe ulitimiza sheria yote, na aliyeadhibiwa ni mzee aliyefiwa.

Usimfundishe XHTML. Wala usimwache apumzike, hajachoka, ameaibika. Jumamosi hii nenda Woodley umwambie, "Baba, ni mimi niliyeharibu." Mwite kila aliyekuwepo, umpigie na Kavinya. Rudisha faili yake jinsi ilivyokuwa, na herufi zake kubwa, kisha ondoka kitini akae yeye. Aya ya mwaka huu aiandike tena kwa vidole vyake.

Na jambo moja, binti yangu. Barua yako nzima haikusema aliandika nini siku ile. Nadhani hakuna aliyeisoma aya hiyo. Kaa hapo karibu naye, uisome.

Nanyi walimu wa vyuo vya kompyuta vya Moi Avenue, pamoja na yule ndugu wa juma jana: kabla hamjampa mwanafunzi cheti, mwulizeni ni nani atakayeendelea kuuandika ukurasa anaoutengeneza, yeye akishaondoka. Asiyejua, mrudisheni darasani, na nyinyi mwingie naye.