Mgrevilea Kati ya Makangaga

Bongwe,
Jumanne

Mama Rael mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usiniambie si baya. Nakujua, hata likivunjika utasema si baya. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na Shangazi Zainabu anakusalimu sana.

Kazi ya kitalu pale hotelini Diani inakwenda, ila wiki iliyopita nilichekwa. Alikuja Bi Maimuna, mtaalamu wa mimea, akatutaka tupange miche kwa koo zake ili tuandike vibao. Protea, ile yenye maua makubwa kama bakuli iliyoletwa kutoka bara, nikaiweka peke yake. Makadamia nikaipeleka kwa mikorosho, maana yote huzaa vya kutafuna. Na mgrevilea, mti wenu wa mipakani mwa mashamba huko Kitale, nikautia kati ya makangaga kwa sababu ya majani yake yaliyochanikachanika.

Bi Maimuna alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mimea hiyo mitatu ni ukoo mmoja, ukoo wa protea, na kwamba majani hudanganya. Kinachotazamwa ni ua. Akatoa maua makavu kwenye bahasha, akanionyesha kwa kioo cha kukuzia: kila ua lina vipande vinne, na kila kipande kimebeba chavua yake. Nikahamisha vyungu huku masikio yananiwaka.

Mama, hapo ndipo nilipokukumbuka, na moyo ukaniuma. Si kwamba mimi na wewe tuna ua la kutufunga. Hukunizaa, ulinikuta ulipoolewa na Baba, na elimu ya mimea haitatusaidia. Nilikumbuka kosa langu jingine. Nikiwa darasa la tano nilisahau chakula, ukaniletea shuleni. Wenzangu waliposikia Kiswahili chako cha bara wakaniuliza wewe ni nani. Nikasema ni mfanyakazi wetu. Ulisikia. Najua ulisikia, kwa sababu tangu siku ile kila nikisahau ulikiacha chakula kwa bawabu, na marehemu Baba hukumwambia hata mara moja. Nisamehe, Mama. Nimeona haya miaka kumi na tisa.

Sasa umekataa kuja harusini kwangu, eti watu watauliza wewe ni nani kwangu. Shangazi ameniuliza ni nani atakayesimama mlangoni kumpokea bibi harusi, maana hiyo ni kazi ya mama. Nimempa jina lako. Njoo. Na yeyote atakayeuliza wewe ni nani, usimjibu, nitamjibu mimi.

Nisalimie dada yako Veronicah na majirani wote. Naibusu mikono yako.

Mwanao,
Swabir