Damu ya Kuamkiana

Shoga yangu Mwanaidi,

Usinicheke. Najua hizi herufi za misheni hukuzisoma ulipokuwa hai, na zile zako za kutoka kulia kwenda kushoto mimi sikuijua hata moja. Lakini leo lazima nikuandikie, maana hapa Ngarenaro hakuna mwingine wa kumwambia haya bila kulia, na nikilia mbele ya baba Ndeshi atasema tena, "Nilikwambia watoto wa watu uwaache." Kaburini kwako sikufika. Wanaume walikubeba mchana ule ule mvua ikinyesha, sisi wanawake tukabaki mkekani kwako, Mlutheri peke yangu kati ya wanaokusomea, nikainamisha uso na kuomba kwa Kimeru, kimoyomoyo. Natumaini ilifika.

Watu wakifa huacha shamba, huacha nyumba, huacha hata mbuzi. Wewe umeniachia kamba ya lori na watoto wa watu, na neno moja ulilolisema kifua kikikubana: "Mama Ndeshi, usiwaache wakae tu." Basi sijawaacha. Lakini nusura wote wanitoke mkononi, na hiyo ndiyo habari ninayokuletea.

Kukaa tu! Unakumbuka neno hilo lilivyotutesa. Vijana wamemaliza darasa la nne, shule ya mbele haina nafasi, kazi hawajapata, wamekaa karibu na soko wanataniana. Lori la askari linasimama. "Mnafanya nini hapa?" Nao kwa ujinga wao wa kusema kweli wanajibu, "Tumekaa tu, bwana." Basi ndiyo kesi hiyo. Mtoto anaitwa mhuni, anapakiwa, anarudishwa kwao. Rajabu wa dada yako alizaliwa hapa hapa, mto wetu huu ndio uliomfundisha kuogelea, wakampandisha treni mpaka Tanga kwa sababu babu yake alitoka huko. Tanga, ambako hamjui hata mbwa. Ulilia, kisha ukajifunga khanga kiunoni ukaenda Boma. Mimi nilikusindikiza hadi langoni tu, miguu ilinigomea.

Ulirudi na uwanja. Sijui ulimwambia nini Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa Boma, kila ulipotusimulia maneno yalikuwa mengine. Ila masharti yake mtaa mzima uliyajua. Kijana atakayekutwa uwanjani pamoja na mtu mzima anayemwangalia, huyo si mhuni, lori lisimguse. Na siku damu itakapomwagika pale, uwanja unafungwa, na kila mtu arudi alikokuwa. Tangu siku ile sijawahi kuona goti la mtoto limechubuka bila kukimbilia kulifuta.

Wewe hukuogopa. Ulikuwa unaketi katikati ya uwanja na buibui lako, mnene kama gunia la kahawa (naam, nimesema, njoo unijibu), ili baba za wale wasichana wakubwa wakipita waone kuna macho. Wasichana wakacheza rede upande wa uani, wadogo wakadaka vijiwe, wavulana wakashindana kukimbiza ringi za baiskeli. Na kamba. Kamba ilikuwa akili yako wewe. Ulikataa Wameru wavute upande mmoja na Waswahili upande mwingine. Ulisema, "Asiyejua lugha ya mwenzake ndiye avute naye." Wakawa wanaanguka pamoja matopeni, wanatukanana kwa lugha nne, hakuna anayeelewa tusi, hakuna anayekasirika.

Na Lemburis, yule mrefu wa Elerai, ambaye asubuhi anachunga mbuzi wa baba yake na mchana yuko kwetu. Siku ya kwanza alipokujia ameinamisha kichwa, kimya, utosi mbele, kama mtoto wa Kiarusha anavyomwamkia mkubwa. Wewe mtu wa pwani unangoja shikamoo, unaona kichwa kinakuja. Ukapiga ukelele, "Ananipiga kichwa huyu!", ukarudi kinyumenyume ukaketi juu ya beseni la maandazi. Tulicheka mpaka baba Ndeshi akatoka nje kutazama. Nikakufundisha kwamba unamwekea mkono utosini, basi, ameshaamkia na wewe umeshaitikia. Kuanzia hapo uliwashika vichwa wote na mikono yako ya mafuta ya kukaangia, ukasema unawapaka nywele bure.

Sasa sikiliza.

Jumamosi moja, wewe umeshazikwa na masika yamekwisha, watoto wamejaa kweli kweli. Mimi niko kwenye kamba, nahesabu nani yuko upande gani. Akaja askari mgeni, kijana kabisa, mtu wa kusini huko, hajamaliza hata mwezi Arusha. Alikuja kutazama tu, nadhani hata yeye alikuwa mpweke. Nilimwona akisimama karibu na ringi, nikasema moyoni nitakwenda kumkaribisha nikimaliza. Ningekwenda pale pale!

Lemburis alikuwa karibu naye. Mkubwa amefika, mtoto ana adabu zake, hajatahiriwa bado, ndiyo bado anahesabiwa mtoto, afanye nini? Aliinamisha kichwa akamwendea.

Nilisikia mlio wa rungu kabla sijaelewa. Lemburis alipiga magoti, akajishika kichwa, damu ikapita kati ya vidole ikadondoka kwenye vumbi. Hakulia. Alimtazama yule askari kwa mshangao, kama mtu aliyetoa mkono ukaumwa. Na askari anapaza sauti, "Alitaka kunipiga kichwa! Mmeona nyote, alitaka kunipiga kichwa!"

Mwanaidi, uwanja ulinyamaza. Wewe unajua kelele za pale, husikii hata adhana. Kisha nikasikia mawe. Mawe yakiokotwa yana sauti yake. Niligeuka nikaona wavulana wa kamba wameiachia, wameinama, wananyanyuka na mikono imejaa. Ndeshi wangu, mtoto asiyeweza kuchinja kuku, ameshika jiwe kwa mikono miwili. Askari naye ameona. Amerudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa gereji inayopakana na uwanja, rungu juu, na filimbi iko mdomoni. Akipuliza, lori linakuja. Wakirusha, lori linakuja. Na likija safari hii halitachukua wawili watatu, litapakia wote, nami nitabaki nazunguka nyumba hadi nyumba kuwaambia akina mama watoto wao wamepelekwa wapi.

Nilikutafuta. Nakwambia kweli, niligeuza shingo pale unapoketi. Wewe ungepasua utani mmoja, askari angecheka, watoto wangecheka, ungemshika sikio ukamketisha ale andazi. Mimi utani sina. Kiswahili changu chenyewe nikiogopa kinachanganyika na Kimeru.

Basi nilimwendea. Mikono wazi ionekane haina jiwe. Nilipofika mbele yake niliinamisha kichwa. Mimi, mama wa watoto wanne, mbele ya kijana ambaye ningeweza kumzaa, nikamwekea utosi kama mtoto. Nikatazama chini, maana rungu lilikuwa bado juu. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni shikamoo. Hapa kwetu wengine huamkia hivi. Weka mkono."

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Niliona viatu vyake tu, kamba ya kimoja ilikuwa imefunguka. Nilisikia anavyohema. Niliwaza kwamba akinipiga mimi, hakuna wa kuwashika wale, na Ndeshi ndiye atakayerusha la kwanza.

Mkono ulikuja. Ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, na uligusa kitambaa changu ukaondoka haraka kama uliogusa sufuria ya moto. Lakini ulikuja. Nyuma yangu nikasikia jiwe moja linaanguka, kisha jingine. Ndeshi alikuwa wa mwisho kuachia. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Usidhani yakaishia hapo. Filimbi hakupuliza, lakini mtu alikuwa ameshakimbia Boma. Wakaja askari wengine, wakamchukua Lemburis na kichwa chake kimefungwa khanga yangu, kwa kosa la kumshambulia askari. Uwanja wakaufunga, mtu asikanyage. Jumatatu nikaitwa.

Safari hii nililipita lile lango, shoga. Miguu iligoma vile vile, nikaiburuta. Baba yake Lemburis alikuwa ameketi nje na wazee wenzake, fimbo mapajani, na fimbo zile ziliniogopesha kuliko bunduki za mlangoni. Ndani, Bwana Shauri alinitazama na kile Kiswahili chake cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. "Nilisema damu. Damu imemwagika. Mbona umekuja?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema lililokuja. Nikasema, "Bwana, ulisema damu ya kupigana. Hii si ya kupigana. Hii ni damu ya kuamkiana."

Karani alicheka, akajifanya anakohoa. Bwana Shauri hakucheka. Akaniambia nieleze, nikaeleza: mtoto anainama, mkubwa anaweka mkono. Nikamweleza mpaka habari ya beseni la maandazi, unisamehe, sasa serikali inajua uliketi wapi. Nikamwambia kama kutojua ni kosa la kufungiwa, basi hata marehemu Mwanaidi, mwenye uwanja, angefungwa siku ya kwanza. Nikamwambia pia kwamba akiufunga uwanja wale vijana hawatayeyuka. Watarudi sokoni kukaa tu, na safari hii wanajua uzito wa jiwe.

Akamwita askari. Mwanaidi, yule kijana angeweza kuniangamiza. Neno lake la askari juu ya neno la mwanamke wa Kimeru na mtoto mchunga mbuzi, nani angetusikiliza? Alisimama wima, akatazama ukuta, akasema, "Mimi ndiye niliyepiga kwanza, bwana. Kijana hakunigusa. Sikujua." Nikaanza kulia pale pale, na aibu yote ile. Siku hizi simwoni mjini. Wanasema amehamishwa, hakuna anayejua wapi. Ukweli wake umemfanya naye asafirishwe, kama Rajabu.

Lemburis aliachiwa jioni ile, kichwa kimeshonwa. Wazee waliondoka naye bila kuniangalia. Uwanja tumerudishiwa, ila kwa sharti jipya: askari mmoja atasimama pembeni kila Jumamosi. Atasimama tu. Kumbe wao kukaa tu ni ruhusa, mradi uwe umesimama.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nilikokota kamba nikaketi mahali pako, na ule mwili wangu wa ufito hata mbuzi hakuniona. Askari mwingine, mtu mzima, kajiegemeza kwenye gereji. Wakaja wachache. Walicheza kwa kunong'ona, ungedhani kuna mgonjwa jirani. Rede bila kelele uliiona wapi? Kila mpira ukipotea upande wa askari, hakuna anayeufuata. Niliufuata mimi.

Kisha akaja Lemburis. Nikasimama. Nywele zimenyolewa upande mmoja, mshono unaonekana. Amepita mbele ya askari, mbali, akanijia mimi, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kama ulivyozoea.

Hakuinama. Alisimama wima, shingo kama mlingoti, akasema, "Shikamoo, mama." Kwa Kiswahili safi, kama mtoto wa pwani. Nyuma yake wale Waarusha wadogo wanaomfuata kila mahali, wakafanya vile vile, mmoja mmoja, shingo zimenyooka. Nikaitikia marahaba, nikitafuta pa kuuweka mkono. Nikajifanya nasawazisha kitambaa.

Inaniuma, shoga. Inaniuma kuliko kufiwa nawe, na sioni haya kusema. Nimepigania uwanja nikaupata, lori halijaja, watoto wako hapa wote, hakuna aliyepakiwa. Na yule mtoto amejifunza kwamba utosi wake si wa kumpa mtu. Wewe ungejua la kumwambia. Mimi nilimpa ncha ya kamba nikamwambia, "Vuta." Akavuta. Walianguka wote, na mtu mmoja, sikuona nani, akatukana kwa Kimeru tusi kubwa sana, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka.

Nakuaga sasa, Ndeshi anataka taa. Mungu wako na wangu wakae wazungumze, wakupe mahali pakavu, maana ulichukia matope mbali na kuyapenda kwa watoto wa wenzio. Ahadi yangu ni hii. Lemburis sitamdai kichwa chake. Kamba nitaileta kila Jumamosi, nikiugua ataileta Ndeshi. Na nitatangulia. Yule askari awahi vipi, jua liwe limechomoza ama mlima Meru bado umejifunika, mtoto yeyote atakayeingia uwanjani atanikuta mimi kwanza.

Ni mimi shoga yako,
Mama Ndeshi