Kikao cha Dharura Kuhusu Spana ya Torgeir

KAMATI YA WAFANYAKAZI, MTAMBO WA GESI WA KOLLVIK
Tarehe: 11 Februari 2025, saa 8:00 mchana
Mahali: Chumba cha chakula

Waliohudhuria:
Gunnvor Sletta – Mwenyekiti
Ragnfrid Tveit – Katibu
Asle Brekkhus – Mjumbe, fundi wa matengenezo
Torgeir Haukås – Mjumbe, mkaguzi wa mabomba
Mwalikwa: Jostein Rygg, mhandisi wa kompyuta
Asiyehudhuria: Hallvard Moen, yuko kwenye kibanda chake mlimani, bila taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba jambo ni moja tu. Kuanzia tarehe 1 Machi, kampuni inafuta ukaguzi wa kutembea kwa miguu, na Torgeir na wenzake watapoteza kazi, kwa kuwa vinasa sauti vya kwenye mabomba vitasikiliza na kompyuta itaamua. Jumamosi asubuhi majaribio yalianza, wakaguzi wakaambiwa wasiteremke. Kufika saa sita mchana mtambo mzima ulijizima wenyewe, na gesi ikachomwa hewani hadi watu wa ng'ambo ya maji wakapiga simu wakidhani tumeteketea.

KUMB. NA. 2/2025: MAELEZO YA MHANDISI
Mhandisi alieleza kwamba kompyuta ilisikiliza mabomba kwa miaka miwili ili ijue sauti ya uzima na sauti ya hatari. Kwenye bomba namba saba, uzima una mapigo matatu, kisha mengine matatu. Jumamosi mapigo hayakusikika, kompyuta ikaona hatari, ikafunga kila kitu.

Torgeir alisema, "Mungu wangu! Hiyo ni spana yangu."

Mhandisi alikiri kwamba ofisini walidhani ni mlio wa bomba lenyewe. Asle aliuliza, "Miaka miwili, kaka, hamkuteremka hata siku moja kuangalia?" Mhandisi alijibu kwamba kule chini kuna upepo sana. Wajumbe walicheka, na Mwenyekiti aliomba utulivu huku naye akicheka.

KUMB. NA. 3/2025: MAELEZO YA TORGEIR
Torgeir alieleza kwamba wakaguzi hutembea wawili, mmoja kila upande wa ukuta wa zege, na redio hazishiki pale. Anayefika namba saba hugonga bomba mara tatu kwa spana ya shaba, ambayo haitoi cheche. Maana yake: mimi mzima. Wa upande wa pili hujibu. Mwaka 1998 mwenzake, Oddvar Lien, hakujibu. Gesi ilikuwa imevuja. Torgeir alimkuta ameshakata roho. Tangu hapo amemfundisha kila mkaguzi mpya kugonga kabla hajamfundisha kitu kingine.

Alisema, "Basi mashine yenu haikukosea, Jostein. Jumamosi hakuna aliyejibu."

Kicheko kiliisha.

KUMB. NA. 4/2025: SULUHISHO LA KAMPUNI
Mhandisi alisema kwamba suluhisho lipo. Kampuni imeagiza vinyundo viwili vya umeme, vinafika Alhamisi. Kimoja kitagonga, kingine kitajibu. Alimwomba Torgeir asaidie kuvirekebisha, kwa kuwa ndiye anayejua nguvu ya pigo.

Katibu anaomba radhi kwamba hapa aliacha kuandika kwa muda. Hakuamini masikio yake.

Asle aliuliza, "Nikiteremka kubadilisha vali, nikaanguka pale, vinyundo vitasema nini?"

Mhandisi alifikiri. Alijibu, "Vitasema mzima."

"Na mimi je?"

Mhandisi alisema hakulifikiria hilo, akaomba lisiandikwe. Limeandikwa.

AZIMIO: Vinyundo visifungwe. Hakuna fundi atakayeteremka namba saba bila wakaguzi wawili kuwepo. Mhandisi alitoka kumpigia simu meneja, na aliporudi alisema agizo la vinyundo limesitishwa na tarehe 1 Machi itajadiliwa upya. Hakuahidi zaidi, na kamati haikuandika zaidi.

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Hallvard aandikiwe barua. Saa 9:40 Mwenyekiti alisema yametosha, kila mtu arudi kazini. Torgeir alitoa spana mfukoni, akagonga meza mara tatu. Wajumbe wote walijibu kwa ngumi. Mhandisi naye alijibu, akiwa amechelewa kidogo.

(Sahihi) Gunnvor Sletta, Mwenyekiti
(Sahihi) Ragnfrid Tveit, Katibu