Bibi Harusi Aliyefungiwa na Wajerumani

Lusahunga, Jumapili jioni. Rasharasha tangu asubuhi, malori ya kwenda Rusumo yanapita polepole kwa sababu ya tope, na mimi nina furaha ambayo sijui hata niiweke wapi.

Bado niko ndani. Kwetu bibi harusi hashiki jembe wala ndoo mpaka atolewe rasmi, na mama mkwe wangu hana mzaha na mila. Ananipikia, ananichotea maji, ananikatalia hata kufagia. Nikinyanyuka tu anasema, "Kaa, mwanangu. Kuchoka utachoka maisha yako yote."

Basi nakaa. Na kwa kuwa nimekaa, nasoma vitabu vya mume wangu.

Elisha ni mwinjilisti wa usharika wa hapa na anaomba kupelekwa chuo cha theolojia ili awe mchungaji. Mimi nililelewa Mkatoliki kule Bugarama, Ngara, nikaishia kidato cha nne. Sikujua kwamba nyuma ya mahubiri ya Kiprotestanti wamekaa wanafalsafa wa Kijerumani. Kumbe wapo, tena wengi. Mmoja alisema akili zetu hazifikii vitu vyenyewe vilivyo, zinafikia tu jinsi vinavyotutokea. Wanatheolojia wakabaki na swali: kama ni hivyo, Mungu tutamjuaje? Mmoja wao akajibu kwamba dini haianzii kwenye hoja, inaanzia moyoni, pale unapojihisi unamtegemea mwingine kwa kila kitu. Mwanafalsafa mwingine akakataa, akasema Mungu anajifunua katika historia hatua kwa hatua, na akili inaweza kumfuata. Elisha anasema vyuoni bado wanabishana.

Nasoma haya kitandani kwetu. Kwetu. Bado nalionja neno hili.

Lakini Wajerumani hawa nusura watuharibie. Wiki iliyopita, kwenye darasa la Biblia, Elisha alisema kwa akili peke yake hatumjui Mungu alivyo. Habari ilipowafikia wazee wa kanisa ilikuwa imebaki "mwinjilisti anasema Mungu hajulikani". Wakamwita leo baada ya ibada wamhoji. Wasiporidhika, chuo hakuna.

Jana mchana alijaribu maelezo yake kwangu. Alipofika kwenye kutegemea, nikamkatiza.

"Mbuzi wa mama pale nje naye anategemea kwa kila kitu. Ana dini?"

Alicheka mpaka mama akauliza kutoka jikoni, "Nyie, kuoana ndiko kunakochekesha hivyo?" Elisha akaniambia yule Mjerumani wa historia alimpinga mwenzake hivyo hivyo, ila yeye alitaja mbwa. Nilivimba kichwa siku nzima.

Ila swali halikuniacha. Mimi pia nalishwa kama yule mbuzi. Tofauti ni nini? Nikamwambia Elisha: mbuzi hamfikirii anayemletea majani. Mimi kila sahani ikiingia, namfikiria mama aliyeipika, nataka kumjua zaidi. Labda dini inaanzia hapo, kwenye kutaka kumjua.

Aliubusu mkono wangu, jamani, mkono wenye harufu ya samli.

Leo sikuruhusiwa kwenda kanisani. Nimekaa nikisikiliza kila pikipiki inayokata kona.

Amerudi na matope hadi magotini. Mama akamwahi mlangoni. "Sema basi. Wamekufukuza?"

Kumbe mzee kiongozi alimuuliza, "Hao Wajerumani wako walikuwa wanasali?" Elisha akajibu kwamba wengine walisali, wengine hajui, maswali yao anayachukua, majibu yao si yote. Kisha akawasimulia habari za mbuzi na za bibi harusi aliye ndani. Wazee wamecheka. Mmoja akasema, "Huyu aende, tena mkewe angeenda kabla yake."

Wamempitisha. Anaondoka tukishavuna maharage.

Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja. Mimi nimepiga pia, halafu nimeingia chumbani nikalia kidogo. Niliomba kwa nguvu zote wampitishe. Sikuwaza hata mara moja kwamba kupita ni kuondoka, na chuo kiko mbali, na mimi nitabaki hapa na mama.

Namsikia nje anawaeleza majirani, sauti yake imejaa furaha. Sitaki aione huzuni hii leo.

Kumtegemea mtu ambaye hayupo karibu nawe: je, Wajerumani waliwahi kuandika lolote juu ya hilo?