Hema Juu Kwenye Mawe

Jumamosi, Oktoba. Ziwani, juu milimani.

Niko mkavu na nimeshiba.

Mchana nilikasirika. Nilikuwa nimefika huku peke yangu, miguu imeisha, na nimeshapiga hema kando ya kijito, palipo tambarare. Akatokea askari wa hifadhi, mwanamke, yuko kwenye doria.

"Hamisha hema. Peleka juu kwa mawe."

"Lakini afande, mvua haiko."

"Mimi natoka Kilembe, kule chini bondeni. Siku mto ilibeba nyumba yetu, mvua haikuwa kwetu. Ilikuwa huku juu. Hamisha."

Nikahamisha huku nikinung'unika. Kabla ya jioni kijito kikavimba ghafla, maji ya matope yakafunika pale pote nilipotaka kulala. Nilisimama nikiyaangalia tu. Mama kule Bwera hakutaka nije peke yangu, na sijui kama nitamwambia hili.

Baadaye afande alirudi kuona kama niko mzima. Nilimshukuru, nikampa chai. Akainywa akiwa amesimama.

"Sukari ni mingi," akasema, kisha akanyoosha kikombe nimwongezee.