Mate ya Maalimu Mbonde

Jumanne, Chumbi.

Shahada mbili, na adabu hana hata ya kuazima! Yule daktari kijana wa utafiti ametuamrisha wauguzi wa zahanati tangu asubuhi kama tuliokuja kumfulia nguo.

Kazi yenyewe nzuri, sikatai. Mtu anatema mate kwenye kichupa, wakiyapima wanaweza kuona dalili za saratani ya kinywa mapema, kabla hata ya kidonda. Ndiyo maana nilimwita Maalimu Mbonde, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Nimeuona ule weupe ndani ya mdomo wake, pale anapoweka ugoro.

Kijana akamnyooshea kichupa: "Mzee, tema mate humu." Hakuna shikamoo, hakuna maelezo.

Maalimu akakipokea kwa mikono miwili, akafumba macho, akasoma dua ndefu, ndipo akatema. Kisha akaniuliza, "Haya mwanangu, mgonjwa yuko wapi?"

Watu humpelekea maji kila siku ayasomee na kuyatemea. Alidhani anaombwa dawa.

Yule mpumbavu akacheka mpaka akashika meza. Kichupa akakitupa, eti kimeingia ugoro. Maalimu akavaa kandambili zake, akaondoka. Jioni yeye na wenzake wa utafiti wakapakia vitu vyao, wakaenda.

Namdharau kijana yule kwa moyo wangu wote. Ila Maalimu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, maana na mimi nilicheka.

Na huyo mgonjwa aliyemuulizia, aliyemwombea dua yote ile, huenda ni yeye mwenyewe. Nani atamwambia sasa...