Nililolikosa kwa Fetuao

Vaitele, Apia
14 Agosti 2019

Mpendwa Dada Losivale,

Hamjambo huko Brisbane? Mgongo wa shemeji Tavita umepoa? Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri, ila kila siku lazima aseme magimbi yangu hayana tui kama yako.

Dada, keti kwanza. Nina la kuungama kuhusu mwanao.

Daktari wetu wa masikio pale kliniki aliniomba nipitie mafaili ya mwaka mzima, nione nani wanapoteza usikivu na kwa nini. Wazee hupotewa na sauti nyembamba. Mafundi wa misumeno huapa kwamba wasiowasikia ni wake zao tu, nasi tunacheka. Lakini watoto! Karibu wote habari ni moja: sikio lilitoa usaha, likakauka, nyumbani wakasahau. Nikawa nanakili dalili: haitiki akiitwa kutoka nyuma, hukodolea macho midomo ya watu, mwalimu humwita mkaidi. Kalamu ikanigoma. Nilikuwa namwandika Fetuao.

Mwezi wa Machi sikio lake lilitoa maji. Nikamtia mafuta ya nazi, basi. Mimi, mtu wa kliniki! Mei nikamchapa mbele ya Baba kwa kutoitika wakati wa sala ya jioni. "Kichwa chako jiwe?" nilimfokea. Hakulia. Alinitazama mdomo tu.

Kesho yake baada ya kusoma mafaili yale nikampeleka kliniki, nikampima mwenyewe. Akisikia mlio, ainue mkono. Nikabonyeza mashine, nikaongeza sauti, nikaongeza tena. Mkono umetulia pajani. Sikio la kulia ngoma imetoboka. La kushoto linasikia kidogo. Dawa zimeanza, upasuaji wa kuziba tundu ni Novemba, na kwa sasa amepewa kifaa cha kusikia upande wa kushoto.

Nilipomvisha nikamwuliza kama ananisikia. Akashtuka.

"Mama mdogo, kumbe hamkuwa mnanong'ona! Nilidhani mnanificha mambo kwa sababu mimi mbaya."

Nikamwomba radhi palepale, machozi yananitoka. Akasema, "Yameisha. Ila usipige kelele hivyo."

Yeye kasamehe. Wewe sijui. Uliniachia mtoto mzima, dada. Ukitaka kumchukua, sitabisha.

Msalimie shemeji na mama mkwe wako Mele. Mungu awafunike kwa rehema zake, nami anikumbuke.

Ukipiga simu kunigombeza, nitapokea. Lakini zungumza naye kwanza, polepole. Anakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Avasa